Maradhi ya Mlipuko na Uzito wa Moyo: Wajibu wa Chama cha Msingi

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi vya Musoma, Bunda na Butiama



Katika ofisi ya chama cha msingi mna vitabu vya kila namna. Mna daftari la wanachama, daftari la mizani, stakabadhi za malipo, hesabu za pembejeo na hesabu za madeni. Hakuna daftari linaloandikwa usingizi uliopotea. Hakuna safu ya mwanachama aliyekaa miezi mitatu bila kugusa jembe, si kwa homa wala kwa jeraha, bali kwa sababu moyo wake umekataa kuinuka. Mwanachama wa namna hiyo huonekana vitabuni kama mdaiwa sugu, au kama mtu asiyehudhuria mikutano. Pengine jina lake hufikishwa mkutano mkuu ili afukuzwe. Kumbe ni mgonjwa.

Mazungumzo haya yanahusu ugonjwa huo, na hasa jinsi unavyoongezeka wakati wa maradhi ya mlipuko. Kijiji cha Butiama ndiko alikozaliwa na ndiko alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyelifundisha taifa kwamba maadui wake ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika mwaka 2020 maadui hao walikuja pamoja, wakishikana mikono. Maradhi yalileta umaskini, ujinga ukayazidishia maradhi hofu, na hofu ikaingia majumbani hata mahali ambapo maradhi yenyewe hayakufika.

Wasiwasi na sonona ni nini

Yafaa kwanza maneno yaeleweke. Wasiwasi ni mlinzi aliyewekwa ndani ya mtu. Mvuvi anayeona wingu jeusi likitanda juu ya ziwa hushikwa na wasiwasi, akageuza mtumbwi kuelekea pwani. Wasiwasi huo umemwokoa. Lakini mlinzi akipiga kelele usiku na mchana, hata pasipokuwa na mwizi, mwenye nyumba hapati usingizi. Hapo wasiwasi umegeuka kuwa ugonjwa. Moyo huenda mbio, kifua hubana, mikono hutetemeka, na mawazo huzunguka jambo lile lile bila kufika mwisho.

Sonona nayo si huzuni ya kawaida. Huzuni ya kufiwa au ya kupoteza mazao ni haki ya kila mtu, na kwa kawaida hupungua kadiri siku zinavyopita. Sonona ni hali inayodumu karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ambayo mtu huwa mzito wa moyo au hupoteza hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Hufuatana na kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula, kuchoka bila kazi, kushindwa kukaza fikira, kujiona hafai, na wakati mwingine kufikiria kufa.

Katika vijiji vya Mara ni mara chache mgonjwa kusema kwamba ana sonona. Husema kichwa kinamuuma, au tumbo linamsumbua, au ana mawazo mengi. Majirani nao wana majina yao: wengine husema ni uvivu, wengine husema amerogwa, wengine husema ni ulevi tu. Ni kweli kwamba pombe huonekana mara nyingi, lakini mara nyingi pombe hiyo ni dawa ambayo mgonjwa amejiandikia mwenyewe, na dawa hiyo humzidishia ugonjwa.

Mwaka 2020 ulivyokuja Mara

Shirika la Afya Duniani lilitangaza ugonjwa wa korona kuwa dharura ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020. Mgonjwa wa kwanza katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, na siku iliyofuata shule zikafungwa. Watoto wa Musoma, Bunda na Butiama wakarudi nyumbani, na wale wa madarasa ya mitihani hawakujua kama mwaka wao umepotea au haukupotea. Kidato cha sita na vyuo walirudi masomoni tarehe 1 Juni. Shule nyingine zilifunguliwa tarehe 29 Juni.

Tanzania haikuwafungia watu majumbani kama zilivyofanya nchi nyingine nyingi. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba mkoa huu ulipita salama katika jambo la moyo. Lakini mlipuko hauhitaji amri ya kufunga mlango ili umfikie mkulima. Humfikia kwa njia ya soko.

Pamba ndiyo fedha ya Bunda na ya sehemu kubwa ya Butiama na Musoma Vijijini. Katika msimu wa mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Viwanda vya nguo vya dunia vilipofungwa mwanzoni mwa mwaka 2020 bei ya nyuzi ikaanguka katika soko la dunia, na msimu ulipofunguliwa huku nyumbani bei elekezi ikawa shilingi 810. Hesabu ni rahisi. Mkulima wa kilo 500, ambaye mwaka uliotangulia angehesabu shilingi 600,000, sasa alihesabu 405,000. Shilingi 195,000 zilikuwa zimepotea kabla mzigo haujafika mizaniani, naye hakuwa amefanya kosa lolote. Palizi ilikuwa ile ile, dawa ilikuwa ile ile, na mgongo uliouma ulikuwa ule ule.

Ufukweni nako hali ilikuwa hivyo hivyo. Minofu ya sangara ya Ziwa Victoria husafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Ndege ziliposimama na mahoteli ya huko yalipofungwa, bei ikashuka mpaka kwenye mtumbwi. Watalii walioingia nchini walikuwa 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuwa 620,867. Tofauti hiyo ni wapishi, madereva, wafagizi na wauza mboga waliokuwa wakiishi kwa kutegemea hifadhi ya Serengeti, wengi wao wakipeleka fedha kwa wazazi walio vijijini. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo. Pale Sirari mama aliyekuwa akivuka na ndizi au nguo akabaki upande mmoja, na wateja wake upande wa pili.

Njia ambazo mlipuko humfikia mtu moyoni

Ndugu wanachama, watu wengi hudhani kwamba hofu ya mlipuko ni hofu ya kufa tu. Hiyo ni sehemu moja. Zipo njia nyingine, na yafaa katibu wa chama azijue.

Njia ya kwanza ni kutojua. Mtu huweza kuibeba habari mbaya kuliko anavyoweza kubeba giza. Hadi mapema Mei 2020 walikuwa wametangazwa nchini wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hesabu hazikutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Palipokosekana hesabu pakajaa uvumi. Simu zilileta kila usiku sauti za watu wasiojulikana, mmoja akisema hakuna ugonjwa, mwingine akisema watu wanakwisha. Watu walijifukiza nyungu, wakanywa tangawizi na malimao. Hayakuwa matibabu yaliyothibitishwa, lakini yafaa ieleweke kwa nini yalipendwa: yalimpa mtu kitu cha kufanya kwa mikono yake, na mtu mwenye kitu cha kufanya hofu yake hupungua kidogo.

Njia ya pili ni kipato, kama ilivyokwisha kuelezwa. Deni humwamsha mtu saa nane za usiku kuliko jogoo. Mwanamume aliyezoea kuwa tegemeo la nyumba, akashindwa kulipa ada, mara nyingi hasemi kwamba ana huzuni. Hukasirika. Nyumba hujua ugonjwa wake kwa makofi na matusi kabla yeye mwenyewe hajaujua. Mama naye hubeba mzigo maradufu, kwa kuwa wagonjwa, watoto wasiokwenda shule na chungu kisicho na kitu vyote humwangukia yeye.

Njia ya tatu ni msiba usiokamilika. Katika Mara, kwa Wajita, Wakurya, Wazanaki, Waikizu, Waluo na wengineo, mtu hazikwi na watu wachache kimya kimya. Watu hukaa matanga, hulia, hula pamoja, hutaja sifa za marehemu, na kwa kufanya hivyo mfiwa huuvuka mto. Wakati wa korona wako waliozikwa kwa haraka, na wako ndugu wa mbali waliozuiwa na hofu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 yakaenea maneno “changamoto ya upumuaji”. Familia nyingi nchini zilizika wapenzi wao kwa maneno hayo, bila kujua kwa hakika ni kitu gani kimewachukua. Tarehe 17 Machi 2021 taifa zima likaingia msibani kwa kifo cha Rais John Magufuli. Huzuni isiyo na jina ni ngumu kuitua, kwa kuwa mfiwa hajui aitue wapi.

Njia ya nne ni kutengwa. Aliyekohoa alikimbiwa. Hata aliyepona alisalimiwa kwa mbali, na mkono wake haukupokelewa. Watu wa mkoa huu walikwisha kuliona jambo hilo tangu ukimwi ulipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983: mgonjwa hupata ugonjwa mara mbili, mara moja mwilini na mara ya pili machoni pa majirani.

Mambo haya hayakuwa ya Mara peke yake. Mwezi Oktoba 2021 watafiti walikadiria katika jarida la Lancet kwamba katika mwaka 2020 mlipuko uliongeza duniani wagonjwa wa sonona kubwa wapatao milioni 53 na wagonjwa wa wasiwasi wapatao milioni 76. Mwezi Machi 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba magonjwa hayo mawili yaliongezeka kwa kiasi cha asilimia 25. Walioumia zaidi walikuwa wanawake na vijana.

Dharura ya korona ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023. Lakini deni lililokopwa mwaka 2020 halikufutwa na tangazo hilo, na mjane wa mwaka 2021 bado ni mjane. Aidha, mlipuko wa korona hautakuwa wa mwisho. Katika mwezi huo huo wa Mei 2023 mkoa wa Kagera, ng'ambo ya ziwa, ulikuwa bado chini ya ulinzi kwa ajili ya ugonjwa wa Marburg, ambao ulirudi tena huko mwanzoni mwa mwaka 2025. Chama kinachongoja mlipuko ufike ndipo kijifunze kitakuwa kimechelewa.

Mfano kutoka ng'ambo ya ziwa

Wako watakaosema: chama si hospitali, kazi ya chama ni pamba. Na madaktari bingwa wa akili ni wachache. Hospitali kubwa ya Mirembe iko Dodoma, na Bugando iko Mwanza. Mkulima wa kijijini atafikaje huko?

Jibu mojawapo linatoka Masaka na Rakai, katika Uganda, ufukwe wa magharibi wa ziwa hili hili. Wilaya hizo zilipigwa vibaya sana na ukimwi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikwenda katika vijiji 30 vya huko, ambako sonona ilikuwa imeenea miongoni mwa watu waliofiwa na kufilisika. Katika baadhi ya vijiji viliundwa vikundi vidogo, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali. Kila kikundi kilikutana mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa moja na nusu, kwa wiki 16. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa huko huko, waliofundishwa kwa muda wa wiki mbili.

Walichokifanya hakikuwa cha ajabu. Kila mwanakikundi alisaidiwa kueleza ni jambo gani lililoanzisha uzito wake: msiba, ugomvi, au badiliko kubwa la maisha kama vile ugonjwa na umaskini. Kisha wenzake wakatafuta naye hatua moja ya kuchukua kabla ya mkutano uliofuata. Hakuna dawa iliyotolewa. Hakuna fedha iliyogawiwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya vikundi kuanza, watu 86 katika kila 100 wa wale walioingia vikundini walikuwa na dalili kamili za sonona. Vikundi vilipomalizika, walibaki wapatao 6 au 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walikuwa 94 katika kila 100, nao wakabaki kama 55. Yaani muda peke yake ulisaidia baadhi ya watu, lakini kukaa pamoja kwa mpango kulisaidia mara nyingi zaidi.

Ndugu makatibu, kikundi cha watu wanaojuana, kinachokutana kwa siku maalumu, chenye kiongozi aliyechaguliwa na agenda inayofuatwa, si kitu kigeni katika ushirika. Hicho ndicho ushirika wenyewe.

Wajibu wa chama na wa katibu

Yafuatayo yanaweza kufanywa na chama chochote, hata kile chenye chumba kimoja na mizani moja.

Kwanza, kutambua. Katibu humwona mwanachama wakati wa mbegu, wakati wa dawa na wakati wa kuuza. Anayebadilika ghafula, aliyekuwa msemaji akawa bubu, aliyekuwa nadhifu akawa mchafu, aliyekuwa wa kwanza mkutanoni akatoweka, atembelewe kabla ya kuandikiwa barua.

Pili, kusikiliza. Anayesikiliza hahitaji kuwa na jibu. Asiseme “jikaze” wala “wenzako wana shida kuliko wewe”, kwani maneno hayo humfunga mgonjwa mdomo. Aulize, anyamaze, kisha aulize tena. Ikiwa kuna dalili kwamba mtu anafikiria kujiua, aulizwe waziwazi kwa upole. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafuu ya kulisema. Asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo penye mhudumu wa afya.

Tatu, dawa za pamba. Jambo hili ni la chama moja kwa moja. Dawa za kuua wadudu zikiwekwa chini ya kitanda humweka hatarini mtu aliyekata tamaa, na kumweka hatarini mtoto vilevile. Nchini Sri Lanka, baada ya kupigwa marufuku viuatilifu vilivyo vikali mno, vifo vya kujiua vilipungua kwa kiasi cha asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Watu wengi waliokosa njia ya haraka hawakutafuta nyingine. Saa ile mbaya iliwapita, wakaishi. Kwa hiyo dawa zitunzwe katika ghala la chama chini ya kufuli, zitolewe kwa kiasi cha kunyunyizia mara moja, na makopo matupu yarudishwe.

Nne, deni. Deni ni halali na lazima lilipwe, la sivyo chama hufa. Lakini kuna tofauti kati ya kudai na kufedhehesha. Majina ya wadaiwa yakibandikwa ukutani katika mwaka wa bei mbaya, chama huongeza mgonjwa na hakiongezi fedha. Bodi, kwa kufuata masharti ya chama na kwa idhini ya mkutano mkuu, yaweza kupanga upya muda wa malipo kwa mwaka wa janga. Mpango huo uandikwe mapema, kabla ya janga, ili usionekane kuwa upendeleo.

Tano, habari za kweli. Msingi wa tano wa ushirika ni elimu, mafunzo na taarifa. Wakati wa mlipuko ubao wa matangazo wa chama uwe na karatasi moja yenye habari kutoka kwa mganga wa zahanati au wa wilaya, yenye tarehe, na ibadilishwe kila wiki. Mahali ambapo habari haijulikani, iandikwe hivyo hivyo kwamba haijulikani. Watu huiamini ofisi inayokiri.

Sita, njia ya hospitali. Sonona kubwa hutibika, kwa mazungumzo, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 ipo. Zahanati ndiyo mlango wa kwanza. Kutoka hapo mgonjwa huandikiwa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi hospitali ya mkoa mjini Musoma. Katibu ajue jina la mhudumu na siku za kliniki, kama anavyojua siku za gari la pamba. Wanaotegemea sala waendelee kusali. Sala na kliniki havigombani.

Saba, katibu mwenyewe. Katika mwaka wa bei mbaya, yeye ndiye anayetukanwa mizaniani kwa bei asiyoipanga. Husikiliza wote, naye hana wa kumsikiliza. Mwenyekiti amwite, wakae, amuulize habari za nyumbani kabla ya kumuuliza habari za vitabu.

Mizani

Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa na wanunuzi. Mkulima alifika peke yake na mzigo wake, akasimama mbele ya mizani ambayo hakuruhusiwa kuihoji. Wakulima wakaweka wapimaji wao wenyewe, wasimame karibu na mwenzao na kuusoma uzito kwa macho yao. Kutokana na hatua hiyo vilikua vyama, na kutokana na vyama hivyo likaja shirikisho kubwa la vyama vya ushirika la Victoria, lililoongozwa na Paul Bomani, mzaliwa wa Ikizu.

Ushirika katika nchi hii ya pamba ulianza, basi, kwa uamuzi mmoja: kwamba mtu asiachwe peke yake mbele ya uzito. Uzito wa moyo hauna mizani, lakini uamuzi ni ule ule. Mwanachama ambaye hajaonekana tangu msimu uliopita ana nyumba, na nyumba hiyo ina njia. Kabla ya mkutano ujao wa bodi, na atokee mtu wa kuifuata.

Umoja ni nguvu.